Imewaka, Haijawaka

Juni tatu, Jumatatu: haijawaka.
Juni nne: imewaka, mara ya saba kubonyeza.
Tano: imewaka mara moja, bila maringo,
nikadhani tumepatana.
Sita: haijawaka, hadi mteja akavuka kwenda Barabara ya Tisa
kwa wenye mashine zinazoeleweka.

Nilianza kuiandika hivyo
nyuma ya daftari la madeni,
kama muuguzi wa zamu anavyoandika homa.
Shekiondo fundi ndiye aliyenituma:
"Mama Saumu, ubovu unaokuja na kuondoka
hautibiwi kwa kukisia."

Na yeye nikimwita, anafika na mkoba wa bisibisi,
anabonyeza kivivu, kwa kidole kimoja,
feni inazunguka, taa ya kijani inafumbua jicho,
na mimi nimesimama pale, mwongo.
Mtoto anachemka usiku kucha;
ukimfikisha Bombo kwa daktari, anaomba biskuti.

Tulianza na vilivyo rahisi.
Soketi: tukaazima ya jirani. Siyo.
Luku: uniti kumi na nane, haina hatia.
Memori tukaichomoa, Shekiondo akaisugua meno ya dhahabu
kwa kifutio alichomnyang'anya Saumu,
akairudisha, ikaitika "tak".
Siku mbili ilikuwa na adabu.

Saa yake nayo imepotea:
kila ikiamka inaamini ni Januari mosi,
mwaka ambao Saumu hajazaliwa.
Tukabadili betri, ile duara kama sarafu.
Saa ikarudi. Ukaidi ukabaki.

"Tupa," akasema kijana wa duka la simu.
Kutupa ni neno jepesi kinywani mwa asiyedaiwa.
Humo ndani mna hati za viwanja vya Pongwe,
kadi za arusi ambazo bado hazijalipiwa,
na barua ya Mzee Kibwana ya kudai mafao yake ya mkonge,
rasimu ya kumi na moja.

Usiku mmoja nikalisoma daftari toka juu.
Si Jumatatu. Si Ijumaa. Si kijicho cha mtu.
Ni asubuhi.
Asubuhi za kipupwe, hasa zile zilizolala na mvua.
Mchana wa jua haijagoma hata mara moja,
na Machi yote, Machi iliyotuyeyusha,
sikumbuki kuitukana.
Kumbe wewe, nikasema, unaona baridi.

Kesho yake nikaenda saluni kwa Mwanasiti
kuazima drai ya nywele.
"Unakwenda arusini?"
"Nakwenda kuipasha kompyuta."
Alicheka hadi akakaa chini.
Nikaielekeza kwenye matundu ya nyuma, dakika nne.
Imewaka.
Nikazima, nikaacha ipoe. Haijawaka.
Drai. Imewaka.
Mwanasiti hakucheka tena.

Shekiondo alipolisoma daftari, alikaa kimya.
Akachomoa waya, akasubiri umeme wa ndani ujimalize,
akafungua kile kisanduku kilichoandikwa kisifunguliwe:
kapasita tatu, vichwa vimevimba
kama maandazi yaliyozidiwa hamira.
"Hizi zikipata moto zinakumbuka kazi," akasema.
"Zikipoa, zinasahau."
Nikamwambia naijua hali hiyo, nina magoti.

Nyingine tatu alizitoa kwenye redio ya shemeji yake,
iliyokwisha kufa kwa sababu zake.
Risasi ikayeyuka, chumba kikanuka kama Idi ya mafundi.

Julai tisa: imewaka.
Kumi: imewaka.
Kumi na moja, mvua usiku kucha,
asubuhi imepoa kama chai ya jana: imewaka.

Mzee Kibwana akaja kuchukua rasimu ya kumi na mbili.
Nikamsimulia yote, mpaka magoti.
Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni,
akafika mlangoni, akarudi.
Akauliza kama Mwanasiti anaweza kumwazima drai ile
siku moja tu,
aende nayo ofisini kwao.